Hewa Haihesabu

Daktari alisema atamshikilia bibi wodini hadi saa kumi jioni, dakika moja zaidi hapana. Mtoto wa bibi ameshajaza karatasi ya kumtoa, ndugu mwingine hakuna, na hospitali haiwezi kumnyima mtu mama yake mzazi kwa sababu tu askari fulani hajapendezwa na sura yake. Nileteeni kitu, daktari akasema. Maneno ya mtu aliyeona au aliyesikia, na sahihi yake chini.

Ndiyo maana saa nne asubuhi ya Jumatano Inspekta alikuwa amechuchumaa jikoni kwa bibi, ghorofa ya pili, sketi ameikusanya magotini, huku Koplo amesimama mlangoni na ubao wake wa kuandikia, bado anahema kwa ngazi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana asubuhi bibi alifikishwa hospitali na mwanawe, nyonga imevunjika, ulimi umekauka hata neno halitoki. Mwanawe huyo mtaa mzima unamwita Mpole, maana anasalimia mpaka paka. Alieleza bila kubabaika kwamba mama alianguka Jumanne ya wiki iliyopita, akakataa hospitali katakata, na yeye akamuuguza kwa mikono yake siku zote saba, mguu wake haukutoka nje ya mlango. Kuanguka daktari alikuamini. Kuuguzwa kulimkwama kooni, kwa sababu mgongo wa bibi ulikuwa na vidonda vya mtu ambaye hakugeuzwa na yeyote. Ila vidonda havisemi nani alikuwepo na nani hakuwepo. Kama Mpole alikuwa nyumbani, basi ni muuguzi mbaya na hakuna zaidi. Kama hakuwepo, alimfungia mama yake ndani amevunjika akaenda zake, na leo saa kumi anakabidhiwa tena.

Inspekta aliuliza majirani wanasemaje. Koplo akafunua karatasi, akasoma. Msusi mwenye saluni ya chini hakusikia kitu. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza alisikia redio tu, na kwa hiyo redio akajua Mpole yupo.

"Jengo zima viziwi," Inspekta akasema.

"Nyumba za zamani hizi, afande. Hata mtu akisikia kitu anajua ni hewa kwenye bomba."

Mpaka dakika hiyo Inspekta alikuwa ameshughulika na mlango na kitasa chake. Sasa akageuka kutazama bomba.

Lilikuwa bomba la chuma, nene kama mkono wa mtoto, linatoka kwenye tangi la juu ya paa, linapita kwenye kona ya jiko na kuzama sakafuni. Tundu lililoachwa na mafundi wa zamani lilikuwa pana kuliko bomba lenyewe; ngumi ingepita. Kuanzia usawa wa goti kwenda chini, rangi ya bomba ilikuwa imebanduka na chuma kimebonyea vidonda vidogo vidogo, vingi kama vya ndui. Juu ya goti hakukuwa na alama hata moja. Aliyegonga hapa hakuwa amesimama.

Kikombe alikikuta chini ya kabati. Kikombe cha bati, cha samawati. Kikombe kilichozeeka kwa kunywewa huchakaa mdomoni. Hiki mdomo ulikuwa mzima na tumbo limechubuka, upande mmoja tu, upande unaoelekea mbele mtu akikishika kwa mkono wake na kupiga. Vigamba vya samawati vilikuwa vimelala sakafuni kuzunguka bomba, vingine vimekanyagwa, vingine vipya vinang'aa. Kando yake kulikuwa na koki ya chini ya kujazia ndoo, na mfuko wa sukari ulioraruliwa kwa meno mpaka kwenye mshono. Hiyo koki na huo mfuko ndio waliomuuguza bibi.

Inspekta akatoa funguo zake, akagonga bomba mara tatu. Bomba la namna ile linapaswa kulia kama kengele ya shule. Hili lilikohoa tu, sauti ikashuka kidogo ikafia humo humo, kama umepiga gunia la pamba.

"Tushuke kwa Mwalimu," akasema.

*

Mwalimu alifungua mlango kabla hawajamaliza kubisha. Walimwamkia, akaitikia, akawaketisha, akaweka chai mezani na bakuli la sukari, yote hayo bila kuwatazama usoni. Alikuwa mzee nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Kuhusu redio alikuwa na uhakika. Ililia Jumanne, ililia Jumatano, ililia siku zote. Inspekta akamuuliza ilikuwa inazimwa saa ngapi. Mwalimu akafikiri. Haikuzimwa. Na stesheni ikishafunga matangazo? Ilivuma tu, akasema Mwalimu, shhh, kama mvua, mpaka alfajiri stesheni irudi.

"Mtu aliyeko nyumbani, Mwalimu, anaiacha redio ivume mpaka alfajiri siku saba?"

Mwalimu alichukua kijiko akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

Inspekta aliomba kunawa mikono. Jikoni, bomba lile lile lilikuwa linashuka kutoka darini, limeota kutu toka juu mpaka chini, isipokuwa mahali pamoja usawa wa kichwa: kipande cha mpira mweusi, kirefu kama dhiraa, kimeungwa kwa vibano viwili vipya vinavyometa. Tundu la darini lilikuwa limeshindiliwa sponji ya godoro. La sakafuni nalo hivyo hivyo.

"Hii ni ya lini?"

"Ijumaa," Mwalimu akajibu nyuma yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusahihisha madaftari na kosa analijua likishaandikwa, akavuta kiti akakaa, akaeleza.

Kugonga kulianza Jumanne mchana. Mara tatu, kimya, mara tatu. Kwanza alidhani Mpole anapigilia rafu. Jumatano alipanda ngazi mpaka mlangoni kwa bibi, akainua mkono abishe, akasikia redio, akaona aibu. Angesema amefuata nini? Kijana anamlea mama yake vizuri, anamsaidia kila mtu kupandisha mizigo, halafu jirani mzima na mvi zake anakuja kumpeleleza. Akateremka kwa vidole vya miguu ili ngazi zisimsengenye. Alhamisi kugonga kukamzidi, akapiga simu kituo cha polisi.

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Nani alipokea?" Inspekta akauliza.

"Kijana mmoja, ana adabu zake. Nikamwambia jirani yangu ni mama mtu mzima na kuna kugonga kusikokwisha. Akaniuliza kunatokea wapi, nikasema kwenye bomba. Akacheka kidogo, vizuri tu, hakunidharau. Akasema, mzee, hiyo ni hewa kwenye bomba, si kazi ya polisi. Tafuta fundi." Mwalimu aliifuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Kwa kweli alinitua mzigo. Nililala."

"Sauti yake ukiisikia utaijua?"

Mwalimu alitazama viatu vya Koplo, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri. Kisha akalitazama bakuli la sukari. "Sauti za simu zinafanana, mwanangu," akasema.

Inspekta alimwomba aandike hayo yote na kutia sahihi. Mwalimu akasema ataandika alichosikia, lakini alichosikia ni hewa. Ndivyo alivyoambiwa na polisi, na ndivyo alivyoambiwa na Msusi, ambaye ndiye aliyemleta fundi, maana bomba linaishia kwenye beseni lake la kuoshea nywele. Kama Msusi atasema ilikuwa kitu kingine, naye atasema. Peke yake hapana. Nusu ya mahakimu na makarani wa mahakama ya hapa amewafundisha yeye kusoma, akasema. Hawezi kusimama mbele yao waulize, Mwalimu, ulikuwa wapi siku saba.

Inspekta alipanda juu ya kiti, akang'oa sponji ya darini, akashuka akang'oa na ya sakafuni. Mara moja jiko la Mwalimu likajaa wanawake. Mlio wa mashine ya kukausha nywele, maji, mtu anasimulia habari ya harusi iliyovunjika, na mwingine anamwambia asiruke, arudi pale kwenye mama mkwe. Kila neno lilipanda safi kupitia tundu.

"Koplo."

"Afande."

"Panda jikoni kwa bibi. Lala chini, ubavu wa kulia, kichwa kwenye bomba, kama alama za vumbi zinavyoonyesha alilala. Mimi niko saluni. Usishuke mpaka usikie kitu cha kukushusha."

Koplo alisita, akapanda.

*

Fundi Bomba alikuwa na duka milango miwili kutoka hapo, na kitabu chake cha kazi kilikuwa juu ya meza, kwa sababu hamalizi kazi kabla mwenye nyumba hajasaini. Ijumaa, kelele za hewa kwenye bomba, kiungo cha mpira, sponji matundu mawili. Chini yake sahihi ya Msusi, kubwa, yenye mkia.

Inspekta alimuuliza kama huwa anaiona hewa kwa macho. Fundi akacheka, kisha akaacha. Alisema kuna namna ya kupima. Bomba likiwa na hewa unaligonga, linajibu ovyo, mara moja, mara saba, linalia lenyewe unapofungua maji. Alipofika Ijumaa aligonga mara tatu kwa spana. Likajibu tatu. Akagonga tano, kujaribu. Likajibu tano. Akagonga mara moja tu, akangoja. Likajibu mara moja tu, likangoja.

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia mwenye saluni. Nilimwambia, dada, hewa haihesabu."

"Naye?"

"Akanitazama kitambo. Wateja walikuwa wamejaa, wanasikiliza. Akasema, fundi, nimekuita kuziba au kupiga ramli? Wakacheka wote. Nikacheka na mimi." Alikuwa anazungusha kibano kwenye kidole, kinaingia, kinatoka. "Nikaunga mpira. Kazi safi, afande. Halikuvuja hata tone."

Inspekta aliomba kitabu. Fundi alikitoa bila ubishi, ila akamkumbusha kwamba kilichoandikwa humo ni hewa, na sahihi ni ya Msusi. Neno lake yeye bila la Msusi litakuwa neno la mtu aliyeziba, anayetafuta pa kujiegemeza.

*

Saluni ilikuwa imejaa, kama kila siku. Wanne kwenye viti, wawili kwenye benchi hawasuki wala hawasukwi, wamekuja kukaa tu, na mmoja chini ya mashine ya kukausha, macho amefumba, mdomo hajafumba. Msusi alikuwa katikati yao na kitana mkononi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, anayejua nani kapata mimba kabla mwenye mimba. Alimpokea Inspekta kwa vifijo, akataka kumkalisha, akamwambia nywele zako wifi zinalia msaada, yule aliyekusuka mara ya mwisho ashitakiwe. Benchi likacheka. Inspekta naye akacheka, akaenda akakaa kwenye kiti cha beseni.

Aliuliza habari za wiki iliyopita kwa jumla, akajibiwa habari za mtaa mzima. Kuhusu kelele, Msusi alisema kama alivyomwambia Koplo: hapa mashine zinavuma kutwa, mtu asikie nini? Angesikia angesema, yeye si mtu wa kufunga mdomo, muulize yeyote. Benchi likathibitisha kwamba si mtu wa kufunga mdomo.

Inspekta akatoa funguo. Bila kusema kitu, akagonga bomba la beseni. Mara tatu.

"Karibuuu, pita ndani," akaitika yule wa chini ya mashine, kwa wimbo, macho bado amefumba.

Msichana mmoja kwenye kiti alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Yule wa chini ya mashine akafumbua macho. Akaona sare. Mkono wake ukapanda taratibu ukaziba mdomo wake, kama unachelewa.

Mtu alizima mashine. Saluni ile, ambayo haikuwahi kunyamaza tangu ilipofunguliwa, ikanyamaza.

"Mlikuwa mnaitika hivyo kila mara?" Inspekta akauliza.

Wakajibu wote kidogo kidogo. Ulikuwa mchezo tu. Kulikuwa kunagonga tatu tatu, kama mgeni anayebisha hodi, basi mtu mmoja Jumanne akaitika karibu, watu wakavunjika mbavu, ikawa mtindo. Kukigonga, saluni nzima, karibuuu. Mpaka wateja wapya walifundishwa. Kuna aliyekuja Alhamisi makusudi kwa kuwa alihadithiwa. Nani aliitika wa kwanza hakuna aliyekumbuka, na wote walikuwa wanaangalia sakafu upande ule ule ambao Msusi hakusimama.

Inspekta aliweka kitabu cha kazi kwenye mapaja yake, akakifungua. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha. Tundu la bomba linapitisha sauti kwenda juu kama linavyopitisha kushuka. Bibi alikuwa amelala kichwa kwenye tundu, amevunjika, sauti imemkauka, kikombe mkononi. Alikuwa anagonga, na akigonga anasikia watu wanamjibu karibu. Ndiyo maana aliendelea. Mtu asiyejibiwa huchoka. Yeye alikuwa anajibiwa.

"Na baada ya Ijumaa?" aliuliza msichana wa kwenye kiti, polepole. "Baada ya fundi kuziba?"

"Vigamba vya kikombe ni vingi, na vya juu ni vipya. Aligonga siku nne zaidi. Safari hiyo hakuna aliyemkaribisha."

Msusi alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa juu ya ndoo ya taulo, na ndoo ikalia.

Inspekta akamwonyesha sahihi yake, akamsomea neno lililo juu yake. Akamwambia saa kumi Mpole anamchukua mama yake, na hakuna kitu cha kumzuia isipokuwa mtu anayeweza kuandika kwamba ile haikuwa hewa na kwamba tangu Ijumaa alijua si hewa. Watu wa namna hiyo wako wawili, na mmoja ni fundi anayengoja atakavyosema mwenzake.

Msusi aliongea akitazama kitana. "Nilijua," akasema. "Fundi aliponiambia hewa haihesabu, nilijua pale pale. Lakini tulikuwa tumeshacheka siku tatu, dada. Siku tatu nzima. Ningewageukia hawa niwaambie nini, kwamba tulikuwa tunamcheka mtu? Nikaona afadhali iwe hewa. Nikamwambia azibe, kisha ikawa kimya, na ikiwa kimya unaweza kuamini chochote."

"Andika hivyo hivyo."

Msusi alichukua kalamu, akaishika, akairudisha. Alipoinua uso, sauti ilikuwa imemrudia, na ndani yake mlikuwa na moto. Akasema haandiki. Kwa nini aandike yeye? Mwalimu aliwapigia simu Alhamisi, jengo lote linajua, na ninyi wenyewe mkamwambia ni hewa, mkamwambia alete fundi. Hilo neno la hewa halikuzaliwa hapa saluni, lilitoka kituoni kwenu. Leo mnakuja na buti zenu mnatuvua nguo mbele za watu. "Huyo wa kwenye simu aje akae hapa kwanza, kwenye kiti hiki, aandike la kwake. Akiandika yeye, naandika. Asipoandika, bibi atanisamehe, au hatanisamehe, lakini sitaanikwa peke yangu."

Benchi likaguna kumuunga mkono. Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa saba na robo. Hakutazama mlango, na kwa hiyo alikuwa wa mwisho kuona kwamba Koplo ameshasimama pale.

Vumbi la sakafu lilikuwa limemganda shavu lote la kulia na bega. Hakulipangusa. Kofia ilikuwa mkononi.

"Wanasikika, afande," akasema. "Neno kwa neno. Nimesikia hata ile karibu. Ukiwa umelala pale unadhani mlango unafunguliwa sasa hivi."

"Kaa, Koplo," Inspekta akasema, si kwa ukali.

Lakini hakukaa mara moja. Alimuuliza Inspekta alijua tangu lini kwamba kijana wa kwenye simu ni yeye. Inspekta akamwambia alianza kushuku saa nne. Walikuwa hawajazungumza na mtu yeyote habari ya bomba, hakuna jirani aliyelitaja, na Koplo mlangoni pale akasema ni hewa kwenye bomba. Alikuwa anamngoja aseme mwenyewe. Kama angefika saa tisa hajasema, angefungua kitabu cha zamu ya Alhamisi mbele yake.

"Simu hiyo haimo kwenye kitabu," Koplo akasema. "Sikuandika. Niliona aibu kumsumbua mkuu wa zamu kwa habari ya bomba."

Alipita katikati ya viti, akakaa kwenye kile cha mbele ya kioo kikubwa, mahali ambapo mtu hana namna ya kutojitazama. Akaweka ubao juu ya meza ya vitana. Akaandika kurasa mbili, mwandiko wake wa duara, hakufuta kitu. Chini akaandika cheo chake na namba yake ya kazi, akatia sahihi, akasukuma kalamu upande wa Msusi.

Msusi aliitazama ile kalamu muda ambao mteja mmoja alijifunga kilemba juu ya nywele mbichi na kutoka bila kuaga. Kisha akaivuta. Aliandika amesimama, haraka, akilia puani, na alipomaliza hakuweka mkia kwenye sahihi. Mmoja wa benchi alikwenda kumwita Mwalimu. Mwingine alimfuata Fundi. Wale waliobaki waliomba karatasi, lakini Inspekta akawaambia nne zinatosha kwa leo, na wao wakaonekana kama watu waliofungiwa mlango.

*

Walifika hospitali saa kumi kasoro dakika ishirini. Msusi alikuwa ameng'ang'ania kuja. Hakusema kwa nini, alivua tu aproni akapanda gari nyuma.

Mpole alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi na mkoba magotini, khanga ya mama yake imekunjwa vizuri juu yake. Alisimama kuwapokea, akawaamkia mmoja mmoja, akamuuliza Msusi habari za kazi, wateja wapo? Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Msusi hakuitikia salamu.

Daktari alizisoma karatasi zote nne akiwa amesimama. Ya Mwalimu aliirudia. Alipomaliza, akaitoa ile karatasi ya kumtoa mgonjwa kwenye jalada, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Inspekta akampa Koplo ishara. Koplo akamgusa Mpole kiwiko, akamwambia kwa upole watembee pamoja, na Mpole, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu kitu hadharani, akaanza kueleza kwamba lipo kosa fulani mahali, akaeleza njia nzima ya korido mpaka sauti yake ikakata kwenye kona.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Bibi alikuwa kitanda cha pili, mdogo kama nguo zilizosahauliwa, na mkononi ameshika kijiko. Muuguzi alisema tangu jana anagonga chuma cha kitanda, tatu tatu, wamemnyang'anya mara mbili wakamrudishia maana alilia. Neno hasemi. Wamedhani ni baridi.

Msusi alifika kizingitini akasimama. Alifungua mdomo abishe hodi, kama mtu yeyote anavyofanya kwenye mlango wa mgonjwa, na hodi haikutoka. Akainua mkono kugonga fremu ya mlango, mkono ukakumbuka kitu, ukashuka. Akabaki hapo, ametanda mlango mzima kwa mwili wake.

Kijiko kilinyamaza. Bibi aligeuza kichwa kwenye mto, akamwona mtu mlangoni. Midomo yake iliyopasuka ilihangaika, ikafungana, ikajaribu tena, na muuguzi akasogea haraka akainama asikie, kwa sababu ndilo lilikuwa neno la kwanza.

"Karibu," bibi alisema. "Pita ndani."

Inspekta alitazama saa, akaandika wakati. Alipoinua macho Msusi alikuwa bado pale pale, mlango uko wazi mbele yake, na hakuweza kuingia.